Ngoma ya Upande wa Pili

"Geuzeni spika," Jemedari aliamuru. "Zote ziangalie ukutani."

Mpiga ngoma alimkodolea macho. "Mtumishi, waumini wako huku. Kule ukutani tunamhubiria nani?"

"Wewe geuza. Na hiyo ngoma kubwa isogeze mpaka iguse ule ukuta wa plaiwudi."

Jina la Jemedari alipewa na wanafunzi wenzake, kwa jinsi alivyokemea mapepo huku tai imemkaa sawasawa. Chuo kilikuwa na ukumbi mmoja tu wa ibada, na kila kundi lilikuwa na namna yake. Wasabato waliutumia Jumamosi, wakaimba kwa sauti nne. Jumapili alfajiri walikuja Wakatoliki na rozari zao, wakafuata Waanglikana na vitabu vyao. Hao wote Jemedari aliwavumilia, maana kila mmoja alikuwa na saa yake, na akimaliza anaondoka.

Kisha wakaja hawa. Mlezi wa dini wa chuo, bila hata kumuuliza, alipigisha ukuta wa plaiwudi katikati ya ukumbi, akawapa nusu yenye jukwaa, saa ileile ya ushirika wa kilokole aliouongoza Jemedari. Walikuwa wanafunzi wa tawi la pili la chuo. Basi liliwashusha uani, wakaingia kwa mlango wa nyuma, ibada ikiisha wakaondoka. Waumini wa Jemedari wakabaki kubanana na kusimama koridoni, na wengine wakaanza kupotelea kwa Waanglikana. Watu aliowakusanya kwa kufunga na kuomba, leo ananyang'anywa kwa mbao!

Hilo labda angelimeza. Kilichomkaa kooni ni salamu. Jumapili ya kwanza aliwakuta wanashuka kwenye basi, akasimama nyuma yao, akaita kwa sauti yake ya mimbarani: "Bwana Yesu asifiwe!" Hakuna aliyegeuka. Akarudia. Migongo mitupu. Dada mmoja mrefu mwenye blauzi nyeupe ndiye aliyemwona alipogeuka kuchukua mkoba, akatabasamu, akampungia mkono. Mkono! Kama anamuaga mtoto dirishani.

Na ibada yao ilikuwa hivyohivyo, haina wimbo wala amina. Jemedari alishasikia habari za Wakristo wanaokaa kimya saa nzima wakimngoja Roho. Akawaita Wanyamavu, na jina likashika.

"Wanajiona wamefika," aliwaambia wenzake. "Sisi kwao ni wapiga kelele. Basi kelele watazipata, mpaka waende wenyewe kwa mlezi kuomba chumba kingine."

Ngoma ilipigwa Jumapili ile mpaka misumari ikalia kwenye mbao. Jemedari aliimba jasho likimtiririka, na rohoni alikuwa na furaha mbaya, ile ya mtu anayelipa kisasi huku anaitwa mtakatifu. Alingoja mtu aje kugonga mlango. Hakuja mtu.

Jumapili iliyofuata aliazima ngoma ya pili. Wanyamavu nao wakawahi zaidi. Walivua viatu, wakavipanga mlangoni, wakaingia peku.

"Mtumishi, vichwa vinatuuma," alilalamika dada wa kwaya.

"Vumilieni. Leo wanahama."

Mpiga ngoma akamsogelea sikioni. "Wamekuja huku ukutani. Nasikia miguu yao. Wengi."

"Hasira hizo," Jemedari akachekelea. "Zimewapanda sasa. Ongeza!"

Hawakuhama. Jumapili ya tatu ya ngoma Jemedari hakuwa na hamu tena ya kuhubiri, wala hakufungua Biblia. Alimpokonya mpiga ngoma magongo, akapiga mwenyewe. Alipiga kwa ajili ya ile nusu ya ukumbi, akapiga kwa ajili ya ile migongo, akapiga zaidi kwa ajili ya ule mkono. Waumini wake walishaziba masikio na wawili walishatoka nje. Hakuwaona. Akanyanyua mikono yote miwili, akashusha kwa nguvu zake zote, na ngozi ya ngoma kubwa ikapasuka.

Ukumbi ukatulia. Mlango ukagongwa.

Hatimaye! Jemedari alijifuta jasho, akanyoosha tai, akakumbuka maneno aliyoyapanga tangu siku ya basi: kwamba nyumba ya Bwana si makaburini, na asiyeipenda sauti ya sifa aende zake. Akafungua mlango kwa madaha.

Alikuwa yule dada mrefu, peku, viganja vyake vimejaa vumbi la plaiwudi. Kando yake alisimama mama mmoja wa makamo. Mikono ya dada ilikwenda upesi hewani, ikaonyesha ngoma, ikatua kifuani, kisha akamtazama Jemedari usoni na kungoja.

"Anasema samahani kwa kuwaingilia," mama yule akatafsiri ishara zile. "Anauliza ngoma imekuwaje, maana wao bado wako ubeti wa pili."