Tamko la Mashavu

Mashavu, muuza vitumbua, alipokuwa akijaza fomu ya zabuni ya chai ya halmashauri, alimgeukia Kombo, mjumbe wa kamati ya zabuni.

"Kaka Kombo, hapa pa uhusiano na watumishi, hata uchumba unahesabika?"

"Unahesabika," alijibu, moyo ukimdunda kwa matumaini.

Mashavu akatabasamu, akaandika: Badi, dereva.

Kikaoni, mwenyekiti alilisoma tamko hilo. "Badi hana kura hapa. Tuendelee."

Kombo akainuka. "Mimi natoka. Siwezi kumtendea Mashavu haki."

"Wewe kwa nini? Jina lako halimo!"

"Ndiyo maana natoka, mwenyekiti."

Nje, Badi alikuwa akiosha gari la halmashauri huku akiimba. Kombo akasimama barazani akimtazama, mpaka maji ya povu yakamfikia viatuni.