Ifuatwe Ipi?

"Mwanao akitoka, utalala wapi?" jirani alimuuliza mjane siku moja wakianua nguo.  Mjane alikunja shuka lake, akaingia ndani.

Leo swali hilo lilikaa naye kwenye benchi la ofisi ya gereza, pamoja na mfuko wa nguo alioukumbatia. Aliitwa aje asaini kumpokea mwanawe wa pekee. Midomo ilimcheza polepole, alikuwa akiomba.

Karani alikuwa akilinganisha kanzidata mbili za wafungwa, ya gereza na ya mahakama. Lazima zisomeke sawa ndipo mtu afunguliwe lango. Majina yalipita kwenye kioo cha kompyuta: kijani, kijani, kijani. Mara mstari mmoja ukawa mwekundu.

"Mungu wangu," karani alinong'ona. "Mama, hebu sogea."

Mjane alisogea, akamgeuzia sikio la kulia. La kushoto halisikii tangu usiku ule kijana alipokamatwa.

"Ya kwetu inasema mwanao anatoka leo. Ya mahakama inasema bado mwaka. Sasa mashine inaniuliza ifuatwe ipi."

"Sheria inasemaje?"

"Mahakama." Karani alitupa jicho mlangoni, akashusha sauti. "Lakini bosi hayupo. Nikibonyeza 'Gereza', zote mbili zitasema leo, unaondoka na mtoto wako. Nani atajua? Kosa lenyewe kujeruhi tu. Vijana na ngumi zao!"

Vidole vya mjane vilikaza mfuko. Kwenye korido mtu aliangua kicheko kizito. Mama akashtuka kama aliyemwagiwa maji.

"Umemsikia? Ndiye huyo. Kavaa viatu tangu alfajiri." Kidole cha karani kilikuwa tayari juu ya kitufe. "Sema ndiyo tu. Sheria haina mama, lakini mimi ninaye."

"Fuata sheria."

"Mama! Mwaka mzima tena?"

"Nimekuomba, mwanangu. Ifuate."

Karani alimkodolea macho, kisha akabonyeza 'Mahakama'. Mstari ukageuka kijani. Kicheko cha korido kilikatika. Mlango wa chuma ukabamizwa.

"Una moyo wewe," karani alisema, akijifuta machozi kwa kiganja. "Mwingine angenipigia magoti. Haya, lete hizo nguo zake nimpelekee, asije akajiona ametupwa."

Akauvuta mfuko kabla hajazuiwa. Zipu ikaachia. Mezani yakamwagika magauni mawili, kitabu cha sala, na tiketi ya basi la jioni hiyo: ya mtu mmoja, ya kwenda bila kurudi.

Mjane aliyarudisha magauni mfukoni, moja baada ya jingine, na kitabu juu yake. Tiketi akaichana katikati, akaiacha mezani, akashika njia ya nyumbani.