Kilo Moja Kila Upande

Sukari ya duka lile ilikuwa inaisha upesi mno, na mama alikuwa na shaka na mizani.

"Leo nipimie kwa hesabu ya mwanangu," alimwambia mwenye duka mbele ya foleni ya wateja. Mama mwenyewe aliweka jiwe la kilo moja sahani ya kushoto, matatu kama hilo ya kulia. "Mimina sukari kushoto mpaka zilingane."

Zikalingana.

"Sukari ni X. X kujumlisha moja ni sawa na tatu," binti alisema. "Natoa moja kila upande, mizani haisogei."

Akatoa. Sahani ya sukari ikapanda juu.

"Nimekosea wapi, mama?"

"Watoto wa siku hizi, shuleni mnacheza tu," mwenye duka alicheka, huku akinyoosha mkono kuyachukua mawe.

Mama alimuwahi. Tumboni mwa jiwe lililotolewa kulia mlikuwa na tundu lililozibwa kwa nta.

"Hujakosea," alisema, akampa binti jiwe lile. "Waoneshe walio kwenye foleni."