Saini Chini ya Amri

Kwa miaka mitatu Mheshimiwa Salha Mwinjuma alililia jambo moja bungeni: vita vikizuka, askari wa nchi waongozwe na jenerali wao wenyewe, si wa taifa rafiki. Mwanawe Idrisa alikufa maji akivuka mto vitani, na mama aliamini aliyemtuma ni yule jenerali mgeni aliyeongoza vita hivyo.

Siku ya kura, kengele ikiwaita wabunge, Waziri wa Ulinzi alimvuta kando akampa karatasi.

"Dada Salha, nisamehe. Nilipaswa kukuonyesha zamani."

Ilikuwa amri ya kuvuka mto. Jenerali mgeni alikuwa ameandika, "Maji yamejaa, wasubiri." Chini yake kulikuwa na saini ya Kanali Mbaruku, mwananchi mwenzao, aliyelia sana kwenye mazishi ya Idrisa. Juu ya saini aliandika, "Wavuke leo."

"Kwa nini unanipa sasa?"

"Upige kura ukijua."

Salha aliingia, akaketi. Spika akawataka wanaounga mkono hoja yake wanyooshe mikono. Wenzake wote waligeuka kumtazama. Kidole chake kilikuwa juu ya neno "leo", na hakuweza kukiinua.