Pampu ya Muuguzi

"Nani atatuonyesha pampu ya pumu inavyotumika?" muuguzi aliuliza, ameinua pampu ya buluu mbele yetu, mafundi wa karakana ya samani. Msimamizi wetu alisimama mlangoni, akitutazama mmoja mmoja.

Vumbi la msasa lilikuwa limenibana kifua tangu asubuhi, na pampu yangu ilikuwa imeisha juzi. Kusema nina pumu sikuthubutu. Fundi wa mashine ya randa alisema, akaambiwa akapumzike kwanza. Miezi saba sasa bado anapumzika, na watoto wake nao wamepumzika shule.

Nikaona upenyo. Mimi ndiye mcheshi wa karakana, nani angeshangaa?

"Nipe mimi, dada! Hii si manukato?"

"Huyu naye!" mafundi wakaangua kicheko. "Atajipulizia kwapani!"

Nilikusudia kufanya vituko, nikosee kidogo, dawa niipate humo humo kwenye utani. Lakini mikono ina mazoea yake. Nikaitikisa pampu. Nikatoa pumzi yote. Nikaibana kwa midomo, nikabonyeza, nikavuta taratibu, nikashikilia pumzi.

Kifua kikaachia. Kicheko nacho kikakatika.

"Mmeona?" muuguzi akapiga makofi. "Na wala sijamfundisha! Kaka, ulijifunzia wapi?"

Msimamizi akaanza kuja, polepole, akipita katikati ya viti ambavyo havijapigwa rangi.

Dawa hiyo unaishikilia kifuani mpaka uhesabu kumi. Nilikuwa nimefika nane. Nikaamua nihesabu mpaka mia.