Kofia ya Diwani

"Mkiona nimevua kofia, vuteni," Diwani Barnaba aliwaambia vibarua. Wakazunguka nyuma ya kibanda cha mwisho, wakashika kamba waliyoifunga kwenye nguzo ya kati. Nyapara wao akabaki kwenye kona, macho kwa diwani.

Ulikuwa mwaka wa pili wa Uhuru. Hapo Lurambi zingejengwa nyumba za kupanga, za mawe, na mawe yangeletwa na lori la Barnaba mwenyewe. Vibanda kumi na vinane vilikuwa vimelala chini tangu asubuhi.

"Nani ako ndani? Toka, mama!" karani alipaza sauti. "Maendeleo haingojangi mtu!"

Mlango ukasukumwa. Mwanamke mzee akainama kupita, mguu mmoja nje, mwingine bado ndani, mikononi sufuria ya kunde.

Barnaba aliutambua ule mguu, na kidole chake cha mwisho kilichompanda mwenzake. Mama mkwe wake! Hakuna aliyemwambia kwamba alihamia mjini.

Uso wake hakuujua vizuri. Kwao mwanamume akikutana na mama mkwe huangalia chini, hujiziba uso, wala hapazi sauti. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ameizoea miguu tu.

Mkono ukafanya ulichozoea. Ukavua kofia, ukaufunika uso.

Ndani ya kofia, penye harufu ya jasho lake mwenyewe, Barnaba alifungua kinywa.

Akasikia kamba ikikazika.