Chumba cha Fundi Cherehani

"Mzee, huyu ni nani wako?"

Afisa wa kodi alisubiri, kalamu mkononi. Chumba cha kupangisha hulipiwa kodi ya serikali. Anachokaa ndugu wa mwenye nyumba husamehewa.

Mpangaji, fundi cherehani, alikuwa amebana uzi mwekundu kwa meno. Asubuhi alitania, "Sema mimi binti yako, tuwapige chenga." Sasa aliutoa uzi mdomoni.

"Mwambie, baba."

Baba. Mzee hakujaliwa mtoto, na hakuwahi kuitwa hivyo na mtu yeyote. Wapangaji wote walimwita mwenye nyumba, na tangu afiwe na mkewe hapakuwa na jina jingine. Neno hilo alilitamani mno, ila si la kukwepea kodi.

"Mpangaji," alisema.

Fundi aliinama, akaendelea kushona.